UZI: Muswada wa kuzuia utoaji mimba usiusome kichwa cha habari, usome vifungu

Kifungu Kidogo (mleta uzi)

Wakuu, muswada wa aina hii ukitua bungeni popote pale, swali huwa ni lilelile: unaunga mkono au unapinga? Watu wanavutana miezi 3, sheria inapita au inaanguka, na kifungu cha tafsiri hakuna aliyekigusa. Humu naomba tusibishane uhai unaanza lini, nyuzi za hoja hiyo zimejaa. Tuyasome maandishi kama atakavyoyasoma mwanasheria wa hospitali anayepigiwa simu na daktari wa zamu saa 8 usiku. Yule ndiye msomaji wa kweli wa sheria hii. Mbunge aliyeipigia kura amelala.

Mifano mingi nitaichota Marekani. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Dobbs wa 24 Juni 2022 ulipofuta ule wa Roe wa 1973 uliolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, kila jimbo linaandika lake, kwa hiyo matoleo ni mengi na kulinganisha ni rahisi.

Mimi naanzia kwenye hesabu ya wiki. Madaktari wanahesabu umri wa mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani wiki 2 hivi kabla mimba haijatunga. Mwenye mzunguko wa siku 28, siku hedhi inapokosa kuja tayari ana wiki 4. Sheria ya "wiki 6" inamwachia siku 14 za kushuku, kupima, kupata miadi na kufanya ultrasaundi, na kama kuna muda wa kusubiri uliolazimishwa, nao unakatwa humohumo. Mwenye mzunguko wa siku 40 ndiyo hana kitu kabisa. Halafu angalia kama sheria inahesabu tangu hedhi au tangu mimba kutunga. Sheria mbili zote zimeandikwa "wiki 20" lakini zimepishana wiki 2 nzima.

Pili, je, hali za kuokoa mama zimeandikwa kama msamaha au kama utetezi? Hapa ndipo watu wengi wanapita bila kuona. Kikiwa msamaha, kitendo si kosa tangu mwanzo, na mwendesha mashtaka ndiye atakayehangaika kuonyesha kwamba msamaha haukuhusika. Kikiwa utetezi, daktari ametenda kosa, anakamatwa, anashtakiwa, kisha yeye ndiye athibitishe mahakamani kwamba mama alikuwa hatarini. Sheria za Idaho na Tennessee zilianza na utetezi, na zote mbili zikarekebishwa 2023. Wabunge waliozirekebisha ni walewale wanaounga mkono katazo, ndiyo maana nasema huu si ushabiki wa upande.

Tatu, hatari inapimwa kwa macho ya nani? "Kwa maoni ya daktari kwa nia njema" ni kipimo cha ndani: aliamini kweli au hakuamini. "Kwa uamuzi wa kitabibu unaokubalika" ni kipimo cha nje: daktari mwingine aliyeitwa shahidi anaweza kusema mimi nisingefanya hivyo. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kesi kwa tofauti hiyohiyo. Daktari alieleza anaamini kwa nia njema kwamba mgonjwa wake anahitaji huduma, mahakama ikasema hiyo haitoshi, sheria inataka kipimo cha nje.

Nne, adhabu na nani anaruhusiwa kuidai. Texas daktari anakabiliwa na kifungo kinachoweza kufika maisha, faini ya madai isiyopungua dola 100,000, na leseni kwenda. Juu yake kuna sheria iliyoanza 1 Septemba 2021 inayomruhusu raia yeyote kumshtaki kwa madai yeyote aliyesaidia, na akishinda analipwa dola 10,000 au zaidi. Pima mwenyewe: upande mmoja gereza, upande mwingine mgonjwa ambaye "labda" atazidiwa kesho asubuhi.

Ongezeni.

Mkunga wa Zamu

Mleta uzi, kwenye mzunguko wa siku 40 umeteleza kidogo. Mwenye mzunguko huo yai hutoka karibu siku ya 26. Hedhi ikichelewa siku moja, kalenda inasema wiki 5 na siku 6, lakini ultrasaundi itasoma wiki 4 hivi, kwa sababu mimba imetunga wiki 2 tu zilizopita. Sheria inayohesabu hedhi inambana. Sheria inayosema "mapigo ya moyo yakionekana", kama ile ya Texas ya 2021 ambayo haitaji wiki 6 mahali popote, inampa siku kadhaa zaidi. Kwa hiyo uliza pia: umri unathibitishwa kwa kalenda au kwa kipimo, na vikipishana kipi kinashinda? Miswada mingi haisemi.

Nami niongeze hali inayoumiza vichwa vya wodini kuliko zote: chupa kupasuka mapema, tuseme wiki ya 17 au 18. Maji yamemwagika na mapigo ya mtoto bado yapo. Nafasi ya mtoto kufika umri wa kuishi nje ni ndogo sana, na mlango wa maambukizi uko wazi. Utaratibu wa kawaida ni kumweleza mama njia mbili: kusubiri kwa uangalizi wa karibu, au kumaliza mimba kabla maambukizi hayajaingia. Mama anachagua.

Sheria ikisema hakuna kugusa mapigo yakiwapo mpaka maisha ya mama yawe hatarini, njia ya pili inafungwa na ile ya kwanza inageuka kuwa kusubiri augue. Homa ya 38 kwenda juu, mapigo ya mama kupanda, tumbo kuuma likiguswa, uchafu wenye harufu. Tabu ni kwamba dalili hizi hazipangi foleni. Mama anaweza kuwa na homa kidogo jioni, na kabla ya mapambazuko shinikizo la damu limeshuka, figo zimegoma, damu haigandi. Ile saa ya "hatari imethibitika" ikifika, saa ya kumtibu kwa urahisi imeshapita.

Ireland walilipitia hili 2012 hospitalini Galway. Mama wa wiki 17, mimba inaharibika, akaomba imalizwe, akaambiwa mapigo yapo. Alifariki kwa maambukizi ya damu. Kifo kile kilichangia sana kufika kwenye kura ya 25 Mei 2018, ambapo asilimia 66.4 waliondoa katazo kwenye katiba.

Mwanasheria Mkongwe

Nimesoma. Mimi naunga mkono sheria zinazomlinda mtoto aliye tumboni na sifichi, lakini nakubali uzi uende kwa vifungu, kwa sababu kwa kelele upande wetu nao unaharibu.

Moja: tafsiri ya "utoaji mimba" katika sheria ya Texas inatoa nje waziwazi kuondoa mtoto aliyekwisha kufa kwa mimba kuharibika, na kuondoa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Aliyemrudisha nyumbani mgonjwa wa namna hiyo hakuzuiwa na sheria, aliisoma vibaya au mwajiri wake aliogopa. Mbili: 2023 Texas iliongeza ulinzi kwa daktari anayetibu chupa iliyopasuka kabla ya mtoto kuweza kuishi nje. Tatu: 2025 wakapitisha sheria nyingine iliyofafanua kwamba hatari si lazima iwe imeshafika mlangoni, na kutaka madaktari na wanasheria wafundishwe maana yake. Kwa hiyo ugonjwa wa maandishi umekiriwa na ukatibiwa bila kufuta sheria.

Nne, hii naisema kwa wanaodhani ukomo wa wiki ni ushenzi wa watu fulani. Ujerumani utoaji mimba bado umo kwenye kanuni ya adhabu, kifungu cha 218. Hauadhibiwi ndani ya wiki 12 iwapo mama amepata ushauri nasaha na kusubiri siku 3. Italia ni siku 90. Sheria ya Mississippi iliyozaa kesi ya Dobbs ilikuwa ya wiki 15. Kwa namba peke yake, ilikuwa legevu kuliko hizo.

Kifungu Kidogo

Mkunga, nimesahihishika.

Mkongwe, pointi yako ya tatu naikubali, lakini hebu turudi kwenye ile ya pili. Ulinzi wa 2023 kuhusu chupa uliandikwa kama utetezi, yaani tumerudi palepale: daktari anashtakiwa kwanza, anajieleza baadaye. Anaweza kushinda kesi na bado akawa amekaa mwaka mzima bila leseni.

Kuhusu Ulaya, wiki 12 za Ujerumani zinahesabiwa tangu mimba kutunga, ni 14 kwa hesabu ya hedhi. Ufaransa tangu 2022 ni 14 kwa kutunga, 16 kwa hedhi. Na baada ya ukomo huo milango iliyobaki ni mipana: Ujerumani afya ya mwili na ya akili ya mama inatosha, bila ukomo wa wiki. Mississippi baada ya wiki 15 iliacha dharura ya kitabibu na ulemavu mkubwa wa mtoto usioruhusu kuishi, basi. Ukilinganisha sheria, linganisha ukomo, hesabu yake, na kilichoachwa baada yake. Ukichukua namba peke yake utadanganyika hata kama hakuna aliyekusudia kukudanganya.

Tena wiki 12 au 15 zinapishana na kalenda ya vipimo vya kasoro za mtoto. Kipimo cha damu ya mama kinaanza wiki ya 10, lakini chenyewe ni cha kushuku tu. Kuchukua maji ya chupa kwa sindano hufanywa kuanzia wiki ya 15, na majibu kamili huweza kuchukua wiki 2. Ultrasaundi ya viungo ni wiki ya 18 hadi 22. Kasoro nyingi za moyo, figo na uti wa mgongo zinajulikana hapo.

Dozi na Dirisha

Upande wa dawa mmeuruka, na huko ndiko sheria inakoumiza watu ambao hawakuwa na habari ya kutoa mimba.

Chukueni misoprostoli. Kidonge cha mikrogramu 200, awali ni dawa ya vidonda vya tumbo. Kwenye uzazi ina kazi chungu nzima: vidonge 3 vya kumeza kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua pale sindano ya oksitosini inapokosekana, vidonge 4 chini ya ulimi akiwa tayari anavuja, mikrogramu 25 tu kuanzisha uchungu, pia kulainisha mlango wa kizazi kabla ya upasuaji mdogo. Uzuri wake ni kwamba haihitaji friji, ilhali oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8.

Sasa Louisiana, kuanzia 1 Oktoba 2024, waliiweka misoprostoli pamoja na mifepristoni (dawa inayotumika pamoja nayo kutoa mimba) kwenye daraja la nne la dawa zinazodhibitiwa, kundi moja na diazepamu, dawa ya kutuliza. Kwa karatasi hospitali bado inaruhusiwa kuitumia. Kwa vitendo, dawa inayodhibitiwa inataka kufungiwa, kuandikwa na kuhesabiwa. Kabla ya hapo ilikaa kwenye kitoroli cha dharura cha wodi ya uzazi. Mji wa mimba uliokomaa unapitiwa na nusu lita ya damu au zaidi kila dakika. Dakika 5 za kutafuta ufunguo si urasimu mdogo.

Mimba changa ikiharibika na isitoke yenyewe, mifepristoni miligramu 200 ikitangulia misoprostoli inamaliza kazi kwa wagonjwa 84 hivi kati ya 100. Misoprostoli peke yake ni 67 hivi, na waliobaki wanahitaji dozi nyingine au kusafishwa kizazi. Kwa hiyo ukiifungia mifepristoni umewabana pia ambao mimba zao zilikwisha zenyewe. Marekani dawa hiyo imeidhinishwa tangu Septemba 2000. Kesi ya kutaka kuiwekea vizuizi zaidi iliangushwa na Mahakama ya Juu 13 Juni 2024, majaji wote 9, ila soma sababu: walalamikaji hawakuwa na haki ya kushtaki. Usalama wa dawa wala mamlaka ya kuidhinisha havikuamuliwa, kwa hiyo mwenye haki ya kushtaki akijitokeza kesi inaanza upya. Wanaoisherehekea kama ushindi wa moja kwa moja wapunguze ngoma.

Msomaji Kimya

Samahani wataalamu, Mkongwe kasema mimba ya nje ya kizazi imetolewa nje ya sheria. Basi hapo si hakuna tatizo?

Mkunga wa Zamu

Ndugu, inategemea neno "nje". Nyingi hutunga kwenye mrija, hizo hazina ubishi. Lakini ipo inayotunga kwenye kovu la upasuaji wa uzazi uliopita. Kimahali iko ndani ya mji wa mimba, mapigo yanaweza kuwapo, na ikiachwa ikue kondo linaweza kuingia kwenye ukuta wa kizazi hadi kibofu, au kovu lipasuke. Kuna nyingine inatunga kwenye mlango wa kizazi, au kwenye pembe pale mrija unapoingilia. Sheria iliyoandika "nje ya mji wa mimba" inamwacha daktari anapima kwa rula kama pembe ni ndani au nje. Mimba zabibu, ambapo kondo hukua vibaya kama vishada, nayo ina sura yake: ile isiyo kamili inaweza kuwa na kijusi chenye mapigo.

Mwandishi makini huandika "mimba iliyotunga mahali pasipo pa kawaida, ikiwamo kwenye kovu, mlango na pembe ya kizazi". Maneno machache tu yanayookoa simu nyingi za usiku.

Dozi na Dirisha

Na hata ile ya mrija isiyo na ubishi, dawa yake ni methotreksati, miligramu 50 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kisha homoni ya mimba inapimwa siku ya 4 na ya 7. Isiposhuka angalau asilimia 15 kati ya siku hizo, rudia au pasua. Baada ya 2022 kuna wafamasia Marekani waliosita kuitoa, hata kwa wagonjwa wa baridi yabisi wanaoitumia miaka yote. Sheria haikuwakataza. Hofu ndiyo iliyowakataza.

Wakili wa Mashariki

Niwalete Afrika Mashariki kidogo, maana huku maneno ya sheria ni ya mkoloni na hayajabadilika sana. Kanuni ya adhabu ya Tanzania vifungu 150, 151 na 152: anayetoa mimba miaka 14, mama mwenyewe 7, anayetoa dawa au kifaa 3. Kenya ni 158, 159 na 160, miaka ni ileile 14, 7, 3. Mama mmoja wa sheria hizo ni ile ya Uingereza ya 1861. Ulinzi wa daktari uko mbali na makosa yenyewe, Tanzania kifungu cha 230, Kenya cha 240, na unazungumzia upasuaji wa kuokoa maisha ya mama kwa nia njema na uangalifu. Polisi anasoma 150, hafiki 230.

Kenya wakaongeza kitu 2010. Ibara ya 26(4) ya katiba inakataza utoaji mimba isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Angalieni maneno matatu. "Kwa maoni" ni kipimo cha ndani alichokieleza mleta uzi. "Mtaalamu wa afya aliyefunzwa" haikusema daktari, kwa hiyo mkunga na tabibu wanaweza kuingia. Na "afya" ni zaidi ya "maisha".

Tatizo likawa kwenye ngazi ya chini ya katiba. Kanuni ya adhabu haikurekebishwa ilingane. Wizara ilitoa mwongozo wa kitaalamu 2012, ukaondolewa Desemba 2013, na Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa vile kulikuwa kinyume cha sheria. Miaka 5 na nusu muuguzi alikuwa na katiba inayoruhusu, kanuni ya adhabu inayotisha, na katikati hana karatasi ya kumwambia afanye nini. Haki isiyo na mwongozo inatumiwa na jasiri tu.

Itifaki ya Maputo ya 2003, ile ya Umoja wa Afrika ya haki za wanawake, ibara ya 14(2)(c), inataja pia mimba ya kubakwa na mimba ya maharimu. Tanzania iliridhia, Kenya na Uganda waliridhia huku wakikiwekea pingamizi kipengele hicho. Ukimsikia mwanasiasa akisema "tumesaini Maputo", muulize kama alisaini na hicho.

Dirisha la Ruzuku

Kuna njia ya kuzuia bila kugusa sheria ya nchi: fedha. Watu wanachanganya masharti mawili ya Marekani. Moja ni la Bunge lao, tangu 1973: fedha za msaada wao zisilipie utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango. Hilo lipo siku zote. Lingine ni la Rais, lilianzishwa 1984 na Reagan: shirika la nje likipokea msaada, lisitoe huduma hiyo, lisitoe rufaa wala kushawishi sheria ilegezwe, hata kwa fedha zake kutoka kwingine. Clinton aliliondoa 1993, Bush akalirudisha 2001, Obama akaliondoa 2009, Trump akalirudisha 2017 na kulipanua kwa karibu misaada yote ya afya, Ukimwi ukiwamo, Biden akaliondoa 2021, Trump tena Januari 2025.

Sharti hili la Rais linavyoharibu ni hivi. Kliniki ileile inatoa vipandikizi, inapima saratani ya shingo ya kizazi, inagawa ARV. Ikikataa sharti inapoteza ruzuku ya vyote. Ikikubali, wafanyakazi wanajikaza kupita sharti lenyewe: kumtibu mama ambaye mimba imeharibika au aliyetolewa vibaya mtaani kuliruhusiwa siku zote, lakini muuguzi asiyepewa maelezo ataogopa hata kumsafisha.

Mwanasheria Mkongwe

Kuhusu siasa yenyewe, niwape kitu kimoja wanachokosea pande zote: kura ya maoni haifuati chama. Kansas, jimbo la kihafidhina, Agosti 2022 karibu asilimia 59 walikataa kuondoa ulinzi kwenye katiba yao. Florida 2024 waliotaka kulegeza walipata asilimia 57 wakashindwa, kwa sababu katiba yao inataka 60. Ohio mwaka uliotangulia asilimia 57 hivyohivyo zilitosha, baada ya wapiga kura kukataa mnamo Agosti kupandisha kizingiti kuwa 60. Upande wetu nao ulishinda South Dakota na Nebraska 2024. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wananchi wanataka nini, uliza kizingiti ni ngapi.

Msomaji Kimya

La mwisho. Muswada ukisema "isipokuwa kwa aliyebakwa", naangalia nini?

Kifungu Kidogo

Vitu vinne. Uthibitisho: ni kauli ya mama mbele ya daktari, au ripoti ya polisi? Idaho wanataka nakala ya ripoti mkononi mwa daktari. Muda: ukomo wa wiki kwa kosa hilo ni upi, na polisi wanatoa nakala baada ya siku ngapi? Kama upelelezi ukiendelea faili halitoki, umepewa ruhusa isiyoweza kutumika. Umri: aliye chini ya miaka 18 nani anasaini, na iwapo mtuhumiwa ndiye baba yake, kuna njia ya hakimu au ofisa ustawi wa jamii? Na mahali: ni hospitali ngapi zinazoruhusiwa, na kama daktari aliyepo anakataa kwa imani yake, sheria inamlazimisha atoe rufaa au inamruhusu kunyamaza?